Kitufe Kimoja Tu

Maombi mengi yanayomfikia mwenye kihariri cha gemu huanza kwa namna moja: naomba kitu kidogo tu. Mtu anachora ramani ya gemu yake, kijiji chenye nyumba na vichochoro, kwa kupanga vigae, yaani vipande vidogo vya picha. Ameshachora kona moja ya ukuta na anazihitaji tatu zilizobaki. Haoni sababu ya kuchora picha nne za kitu kilekile, kwa hiyo anaandika: wekeni kitufe cha kugeuza kigae. Ni ombi la haki kabisa, na asiyejua kilichomo ndani ya programu atashangaa kwa nini halikutekelezwa jioni ileile.

Tuchukue programu halisi. Tiled ni kihariri cha ramani za vigae kilichoanzishwa na Thorbjørn Lindeijer. Ni cha bure, msimbo wake uko wazi, na kilikuwa kimetumika miaka mingi kabla toleo la 1.0 halijatoka Mei 2017. Ramani zake huhifadhiwa katika faili la TMX, na humo kila mraba una namba yake: 0 ni mraba mtupu, 1 ni kigae cha kwanza, na kuendelea. Namba hiyo ina biti 32. Uwezo wa kugeuza vigae ulipoingizwa, habari kwamba kigae fulani kimegeuzwa ilihitaji mahali pa kukaa. Ikawekwa ndani ya namba ileile, kwenye biti za juu kabisa ambazo hesabu ya vigae vya ramani ya kawaida haiwezi kuzifikia. Biti ya kwanza kutoka juu ikawa ya kugeuza kulia na kushoto, ya pili juu na chini, ya tatu mshazari. Biti tatu zinatoa mikao minane, na ndani ya hiyo minane mna mizunguko yote ya robo duara. Kazi safi. Hapakuhitajika safu mpya ya data wala sehemu mpya ya faili.

Sasa tazama upande wa pili. Kigae namba 5 kikigeuzwa kulia na kushoto, kwenye faili kinaandikwa 2147483653. Gemu inayosoma namba hiyo bila kuziondoa zile biti za juu itaenda kutafuta kigae cha bilioni mbili na ushei, itakikosa, kisha itaanguka au itaacha shimo katikati ya ukuta. Na wanaosoma TMX ni wengi: zana za kutengenezea gemu kama LibGDX, Phaser na Cocos2d, pamoja na vipande vya msimbo ambavyo watu wamejiandikia kwa ajili ya gemu zao wenyewe. Wote hao ilibidi wajifunze kuzisoma biti hizo. Zilipokuja ramani za pembe sita, biti ya tatu ikapewa maana nyingine, mzunguko wa nyuzi 60, na ya nne ikachukuliwa kwa ajili ya nyuzi 120. Anayekuja leo kuomba kigae kizunguke nyuzi 17 anadhani anaomba kitufe, kumbe anaomba faili la umbo jingine. Jibu analopewa ni kukiweka kigae chake kwenye tabaka la vitu, mahali ambapo kinaweza kuzungushwa kwa pembe yoyote. Si kila mtu hulifurahia jibu hilo, lakini halimharibii mwingine gemu yake.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, ubora wa wazo ni jambo la mwisho la kujadili. Mawazo mengi ya watumiaji ni mazuri. Wao ndio wanaolala kwenye kitanda hicho na kunguni wake wanawajua. Kinachopaswa kupimwa ni mambo mawili yasiyoonekana ndani ya ombi lenyewe: likishaingia litamgusa nani ambaye hakuliomba, na nani atalitunza miaka mitano ijayo, aliyeliomba akiwa ameshamaliza gemu yake na kwenda zake.

Hata ndani ya programu yenyewe, kipengele kipya hakikai peke yake. Chukua kitendo cha kutendua. Mchoraji anaburuta kipanya na kupaka majani kwenye miraba mia mbili kwa mkupuo mmoja, kisha anabonyeza Tendua mara moja. Anatarajia miraba yote mia mbili irudi, si mmoja mmoja. Sasa tuseme kuna kipengele kipya kinachobadili vigae vya jirani ili nyasi na mchanga vikutane vizuri. Kutendua lazima kurudishe alichochora yeye na kile ambacho programu ilimwongezea. Tuseme pia majani yale aliyapaka kwenye tabaka ambalo baadaye alilifuta: Tendua ya kwanza irudishe tabaka, ya pili irudishe vigae ndani yake, na mpangilio huo usivunjike hata kama katikati alibadili ukubwa wa ramani. Mtumiaji hawezi kuyaona hayo, wala si kazi yake kuyaona. Halafu kuna kunakili na kubandika, kufungua mafaili ya zamani, kusafirisha kwenda miundo mingine, skripti zinazokitegemea kihariri, mwongozo, na tafsiri za maneno ya menyu. Msanidi anayejibu kwamba kitu cha dakika kumi kitachukua wiki tatu mara nyingi anasema kweli.

Njia rahisi ya kupima maombi ni kuhesabu. La watu mia tatu linatangulia la watu wanne. Njia hii inaonekana ya haki, na inampunguzia msanidi lawama, maana anaweza kusema umma umeamua. Ila umma wenyewe ni nani? Ni wale wenye muda wa kupiga kura, wanaoandika Kiingereza bila woga, na wenye intaneti ya kuwatosha kufuatilia majadiliano. Naongeza jambo ambalo wengi wa fani hii wamelikuta: anayeanza huota makubwa, na mwenye gemu inayokaribia kutoka huomba mambo yasiyo na mvuto. Wa kwanza anataka kihariri kichore mito chenyewe. Wa pili anataka ramani yake kubwa ifunguke kwa sekunde mbili badala ya ishirini, na kihariri kisizime kabla hajahifadhi. Ombi la mito hukusanya mamia ya kura kwa sababu kila mtu anaweza kuuona mto akilini. La sekunde mbili hupata kura tano, zote za watu wenye gemu kubwa kweli.

Godot wana dawa ya kiasi kwa ugonjwa huo. Injini hii ya gemu ilianzia Argentina mikononi mwa Juan Linietsky na Ariel Manzur, msimbo wake ukawekwa wazi mwaka 2014, na kihariri chake kimetengenezwa kwa Godot yenyewe. Anayetaka kipengele kipya hujaza maelezo yenye maswali. Swali la kwanza linamtaka aeleze mradi anaoufanyia kazi. La pili, tatizo lililomkwamisha. Suluhisho analolipendekeza huulizwa baada ya hapo. Kisha anaulizwa: kama jambo hili halitatumiwa mara nyingi, linaweza kufanywa kwa mistari michache ya skripti? Na kwa nini liwe ndani ya injini, lisiwe programu-jalizi? Miongozo yao kwa wachangiaji inasisitiza kwamba tatizo ndilo linalotangulia, na kwamba ni lazima liwe tatizo lililopo. Kuongeza kitu kwa sababu huenda siku moja mtu akakihitaji si hoja.

Napenda zaidi lile swali la kwanza, la mradi. Asiyekuwa na mradi hukwama hapohapo, bila kugombezwa na mtu.

Faida ya kuuliza tatizo kabla ya suluhisho inaonekana vizuri pale malalamiko mawili yanayofanana yanapohitaji majibu mawili. "Ramani yangu imenibana" ni kauli ambayo mwenye kihariri cha vigae ataisikia maisha yake yote. Mtu mmoja anaisema kwa sababu alianza na ramani ya miraba 100 kwa 100, akafika ukingoni, na sasa anataka ardhi zaidi upande wa kushoto. Ukimpanulia ramani upande huo, mraba uliokuwa wa kwanza si wa kwanza tena. Msimbo wake uliosema mlango uko safu ya 12 mstari wa 7 sasa unafungua ukuta. Huyu anahitaji ramani isiyo na ukingo, ambayo kuongeza ardhi hakusogezi kilichokuwepo. Tiled walimpa hiyo katika toleo la 1.1, mwanzoni mwa 2018. Data huhifadhiwa kwa vipande, kwa kawaida vya miraba 16 kwa 16, na kila kipande kina anwani yake ambayo inaweza hata kuwa chini ya sifuri.

Mwingine anasema maneno yaleyale, lakini gemu yake ina vyumba hamsini na kila chumba kina faili lake. Kinachomkera ni kwamba akichora mlango wa chumba hiki haoni mlango wa chumba cha pili, kwa hiyo milango haikutani. Kumpa ramani isiyo na ukingo ni kumdhuru, maana atashawishika kumwaga vyumba vyote katika faili moja na gemu yake italazimika kuvibeba vyote kwa wakati mmoja. Alichohitaji ni faili dogo linalosema ramani gani inakaa wapi, ili kihariri kimwonyeshe majirani. Hilo lilikuja katika toleo la 1.2, mwaka huohuo, kwa jina la dunia. Kwa kuhesabu kura, watu hawa wawili wangewekwa kwenye fungu moja la "ramani kubwa zaidi", na mmoja wao angeondoka na kitu kisichomsaidia huku akihesabiwa miongoni mwa walioridhika.

Kuna maombi mengine yanayomfikia asiyehusika. Gemu ya Doom ilitoka Desemba 1993, na watengenezaji wake, id Software, waliziweka ramani, picha na sauti zake katika mafaili ya WAD yaliyotengana na programu yenyewe, kwa hiyo mtu wa nje aliweza kubadili ramani bila kuigusa gemu. Kihariri cha wenyewe kiliendeshwa kwenye kompyuta za NeXT, ambazo mchezaji wa kawaida hakuwa nazo. Wachezaji wakajitengenezea chao: DEU, kilichoandikwa na Brendon Wyber na Raphaël Quinet, kilionekana mapema 1994, wiki chache tu baada ya gemu. Tangu hapo waandishi wa vihariri vya Doom wamekaa mahali pagumu. Mtumiaji anaomba chumba juu ya chumba, kama nyumba ya ghorofa. Ramani ya Doom ni mchoro unaotazamwa kutoka juu, na kila eneo lina kimo kimoja cha sakafu na kimoja cha dari, basi. Hakuna mahali pa kuiandika ghorofa ya pili. Mwingine anauliza kwa nini gemu inaanguka akisimama kwenye ua mkubwa wenye ngazi nyingi. Inaanguka kwa sababu injini ya awali ilitenga nafasi 128 tu za sakafu na dari zinazoonekana kwa mara moja. Kihariri kinaweza kuonya, lakini hakiwezi kuponya.

Msimbo wa Doom ulipowekwa wazi Desemba 1997, tatizo lilibadilika. Mwaka uliofuata injini ya Boom iliondoa mipaka mingi ya zamani, na baadaye nyingine kama GZDoom zikaleta sakafu za tabaka kadhaa na miteremko. Likazuka swali lililo baya kuliko la kwanza: jambo hili linawezekana kwenye injini ipi? Kihariri kinachomwonyesha mtumiaji kila kitu kinamtega achore ramani ambayo nusu ya wachezaji hawawezi kuifungua. Kinachomficha kila kitu kinamnyima haki yake. Doom Builder, kihariri cha Pascal vd Heiden kilichotoka mwaka 2003, kilichagua kuwa na faili la mpangilio kwa kila injini, na humo kunaelezwa ni vitu gani, milango gani na vitendo gani injini hiyo inavijua. Baadaye ukaja muundo wa UDMF, ambao huandika ramani kwa maandishi ya kawaida, kila sifa kwa jina na thamani yake. Injini mpya ikaweza kuongeza sifa bila kuwavuruga wengine. Ukilinganisha na biti za TMX utaona gharama kwa pande zote mbili: maandishi ni mapana na mazito, ila yana nafasi ya kukua, biti ni nyembamba na nyepesi, lakini zikiisha zimeisha.

Doom Builder inatufundisha pia kuhusu uzito wa neno hapana. Doom Builder 2 ilitoka 2009, kisha mtu mwingine akauchukua msimbo wake na kutengeneza GZDoom Builder, ambayo iliweza kuonyesha ndani ya kihariri miteremko, taa na mapambo ya GZDoom. Kutoka ukoo huohuo ikatoka Ultimate Doom Builder inayotumika leo. Pembeni palikuwa na tawi jingine kwa ajili ya kompyuta za zamani. Programu ikiwa huria, aliyekataliwa ana mlango wa kutokea: anachukua msimbo na kuendelea na safari yake. Wengine huona hilo kama mgawanyiko wa kusikitisha. Mimi naona linampa msanidi uhuru wa kusema hapana kwa moyo mweupe, kwa kuwa hapana yake haimfungii mtu. Kwenye kihariri kilichofungwa, chenye mmiliki mmoja, kila hapana ni ukuta, na ndiyo maana huko maombi hugeuka kelele.

Mlango unaopendwa zaidi, hata hivyo, ni wa skripti na programu-jalizi. Tiled ilifungua skripti za JavaScript katika toleo la 1.3, mwaka 2019. Tangu hapo ombi kama "kihariri kihesabu masanduku yote ya hazina kwenye ramani" linaweza kujibiwa kwa mistari kumi ambayo mtumiaji anaiandika mwenyewe. Godot wana ghala la programu-jalizi, na mambo mazito kama uchoraji wa ardhi za pande tatu yameachwa humo kwa miaka. Mantiki yake ni ya kuvutia: cha wengi kikae ndani, cha wachache kiwe nje, na njia ya kupita iwe wazi.

Nina mashaka mawili. La kwanza, kila tundu unalolifungua kwa ajili ya skripti ni ahadi. Ukishawaruhusu watu waite kazi fulani kwa jina fulani, jina hilo si lako tena. Waliotoka Godot 3 kwenda 4 wanakumbuka programu-jalizi zilizokufa njiani kwa sababu majina na mpangilio wa ndani vilibadilika. Msanidi anayedhani amekwepa mzigo wa kutunza kipengele ameubadilisha na mzigo mwingine, wa kutunza mlango.

La pili ni zito zaidi. Vihariri vya gemu vina watumiaji ambao programu nyingi za wasanidi hazina: wachoraji, waandishi wa hadithi, watoto wa shule. Hao walikuja kwenye kihariri hasa kwa kuwa hawataki kuandika msimbo. Kumwambia mchoraji "hilo unaweza kuliandikia skripti" ni hapana iliyovaa nguo ya ndiyo. Ikiwa ombi linatoka zaidi kwa wasioandika msimbo, hoja ya programu-jalizi inapaswa kupunguziwa uzito, na nadhani miradi mingi haifanyi hivyo vya kutosha.

Lakini mlango huo una mtetezi mmoja ambaye sijui namna ya kumjibu. Gemu ya Warcraft III ilipotoka mwaka 2002, watengenezaji wake, Blizzard, waliiambatanisha na kihariri cha ramani chenye vichochezi: jambo hili likitokea, fanya lile. Vilikusudiwa kwa ramani za vita. Watumiaji wakavipinda mpaka wakapata DotA, na kutoka hapo ikatoka aina nzima ya gemu ambayo leo inajaza viwanja. Hakuna kura ya maoni ambayo ingeizaa DotA, kwa sababu hakuna aliyejua kuiomba. Kanuni ya kuhudumia matumizi ya kawaida kwanza ni nzuri kwa siku za kawaida. Haina hesabu ya kitu kama hicho.

Sijawagusa bado wasioomba kabisa. Godot 4.0, ya Machi 2023, ilijengwa juu ya Vulkan, teknolojia ya michoro ambayo inataka kadi ya michoro ya kisasa kiasi. Pembeni ikawekwa njia ya pili, ya OpenGL, kwa mashine za zamani, simu na vivinjari. Kwa mtu wa Ulaya mwenye kompyuta mpya, njia hiyo ya pili ni kazi inayokula muda wa kutengeneza vivuli vizuri zaidi. Kwa kijana wa Mwanza au Kisumu mwenye laptopu ya mtumba, ndiyo Godot yenyewe. Hali ni hiyohiyo kwa ukubwa wa programu: kihariri kinachopakuliwa kwa megabaiti mia moja hivi na kingine kinachotaka gigabaiti kadhaa havilingani kwa anayenunua bando. Mwaka 2022 kihariri cha Godot kilianza kutolewa pia kwa simu na tableti za Android. Wengi wangecheka: nani ataunda gemu kwa kidole kwenye kioo cha inchi sita? Jibu ni yule asiye na kompyuta, na huyo haonekani kwenye hesabu ya maombi, kwa sababu ili uombe kipengele cha kihariri ni lazima kwanza kihariri kifunguke kwako. Ukisoma maombi ya walioko ndani tu, kila toleo litawafaa zaidi walioko ndani, na mlango utazidi kuwa mwembamba bila mtu yeyote kukusudia.

Kuhusu pesa nitasema kidogo. Tiled huishi kwa michango ya watumiaji wake, na Godot mwaka 2020 walipokea dola 250,000 kutoka Epic, kampuni ambayo ina injini yake yenyewe. Fedha hizo zinawezesha mtu kukaa chini na kufanya kazi, na anayedharau hilo hajawahi kulipa kodi ya nyumba. Shida ni pale mtu anapotoa fedha kwa kipengele kimoja alichokitaja yeye. Malipo hayo yanagharimia kukiandika. Kukitunza hakugharimiwi na mtu. Anayetunza kihariri peke yake akipokea ahadi kumi za namna hiyo anaweza kujikuta na programu isiyo yake, iliyoshonwa kwa viraka vya wafadhili. Kuna pia kisa cha Worldcraft, kihariri cha ramani za Quake alichokiandika Ben Morris: kampuni ya Valve ilikinunua 1997, ndicho kilichotumika kujengea gemu yake ya Half-Life, na baadaye kikawa Hammer. Kuanzia siku hiyo ombi la mchoraji aliyekaa meza ya pili lilikuwa na uzito ambao la mtu wa mbali lisingeweza kuufikia. Sioni ubaya katika hilo, ila mtumiaji wa nje ni vizuri alijue.

Kukataa kwenyewe nako kuna namna. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na wasanidi wengi ni wachelea wana: ombi linaachwa wazi kwa miaka saba likiwa na jibu la "wazo zuri, tutaangalia". Kwa mwombaji hilo ni baya kuliko hapana, kwa sababu anaendelea kupanga kazi yake juu ya kitu kisichokuja. Hapana yenye sababu, iliyotolewa mapema na kuonyesha njia ya kuzunguka, inamwudhi siku moja. Halafu anachora ramani yake.

Linalobaki ndilo gumu kuliko yote, nalo ni kuondoa. Kipengele kilichoingia kina wenyewe, hata kama ni wachache. Tiled ilikuwa na zana mbili zinazofanana za kuunganisha kingo za nyasi na mchanga, moja ya zamani na moja ya baadaye. Katika toleo la 1.5, mwaka 2021, ziliunganishwa kuwa moja, na ramani zilizotumia zana ya zamani zikawa zinageuzwa zenyewe zinapofunguliwa. Mtumiaji wa kihariri hakupoteza kitu. Aliyeandika msomaji wake mwenyewe wa TMX, akitegemea sehemu ya zamani ya faili, alipata kazi ya kufanya. Hivyo ndivyo kuondoa kunavyoonekana kukifanywa kwa uangalifu, na bado kuna anayeumia.

Godot ilipitia njia yenye maumivu zaidi. Kwa miaka watu waliomba namna ya kutengeneza gemu bila kuandika msimbo, kwa kuunganisha visanduku kwa mistari. Mwezi Januari 2018, katika toleo la 3.0, wakapewa VisualScript. Waliojaribu waligundua kwamba visanduku vilifanana mno na msimbo uleule: ilibidi ujue dhana zote za GDScript, lugha ya skripti ya Godot, kisha uziburute kwa kipanya badala ya kuziandika. Walichokuwa wanakiomba, nadhani, ni vitendo vikubwa vilivyo tayari, kama "mhusika atembee" au "mlango ufunguke", na hilo halikuwa ndani ya visanduku. Agosti 2022 mradi ukatangaza kwamba VisualScript haitakuwemo kwenye Godot 4, ukieleza kwamba katika uchunguzi wa maoni ya watumiaji, walioitumia kama lugha yao kuu hawakufika hata asilimia moja. Msimbo wake uliondolewa ndani ya injini na kuwekwa kando, kwa yeyote atakayetaka kuutunza. Waliokuwa na gemu zilizojengwa kwa visanduku walibaki kwenye mfululizo wa matoleo ya 3, ambao uliendelea kupata marekebisho, ikiwemo 3.6 ya Septemba 2024.